Mazungumzo ya Nyumbani: Waliolingana Alama, Nani Atangulie?

Mwalimu mmoja ametuandikia akiuliza jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo. Asema kwamba vijana wake hucheza karata za kukusanya jioni ya Jumamosi, na kila mara mchezo huishia katika manung'uniko. Hawagombanii ushindi, maana mshindi hujulikana. Hugombania nafasi ya pili na ya tatu, wakiwa wamelingana alama. Auliza kama iko njia ya haki ya kuwatenga. Twaweza kumjibu upesi kuliko alivyotazamia, kwa sababu ugomvi huo uliingia nyumbani mwetu wenyewe, na kosa lilikuwa letu.

Kwanza tuueleze mchezo kwa ajili ya wasioujua. Hizi si karata za shupaza na kopa. Mmoja wa michezo mikubwa ya namna hii ni Magic: The Gathering, uliobuniwa na Mmarekani Richard Garfield na kutolewa mwaka 1993 na kampuni ya Wizards of the Coast. Karata zake huuzwa katika pakiti zilizofungwa, na anunuaye hajui yaliyomo mpaka afungue. Ziko njia nyingi za kuucheza, lakini iliyo nzuri kwa nyumba yenye wageni ni ile ya kuchagua kwa kupokezana. Watu 8 huizunguka meza, kila mmoja na pakiti zake 3. Kila mtu hufungua pakiti ya kwanza, huchagua karata moja, huiweka kifudifudi mbele yake, na zilizobaki humpa jirani wa kushoto. Naye hufanya vivyo hivyo, mpaka karata zote ziishe. Pakiti ya pili huzungushwa kwa mkono wa kulia, na ya tatu kwa kushoto tena. Tangu mwaka 2024 pakiti ya kawaida ina karata 14 za kuchezea, kwa hiyo kila mtu hubaki na karata 42. Katika hizo huteua kama 23, akaongeza karata za ardhi kama 17, akawa na bunda lake la karata 40. Uzuri wa njia hii ni kwamba mtoto wa mwenye duka na mtoto wa kibarua huanza sawasawa. Hakuna ajaye na sanduku la karata za thamani kutoka kwao.

Kisha hushindana. Kila pambano ni la michezo mitatu, na atakayetangulia kushinda miwili ndiye mshindi. Hupambanishwa kwa utaratibu uitwao wa Uswisi, ambao ulitumika kwanza katika mashindano ya sataranji mjini Zürich mwaka 1895: hakuna atolewaye akishindwa, bali kila mzunguko mwenye alama nyingi hukutanishwa na mwenye alama nyingi, na mwenye chache na mwenye chache. Ushindi una alama 3, sare ina alama 1, kushindwa hakuna kitu.

Sasa mtazame hesabu hii, maana wengi hawaitazami. Watu 8 wakicheza mizunguko 3 pasipo sare yoyote, mmoja atakuwa ameshinda mara 3, watatu wameshinda mara 2, watatu wameshinda mara 1, na mmoja hakushinda kabisa. Hata wacheze vizuri namna gani, watatu hawana budi kulingana katika alama 6. Basi kulingana si ajali itokeayo mara moja moja. Kutakuja kila Jumamosi, kama vile mwisho wa mwezi unavyokuja, na mwenye nyumba asiyeweka tayari namna ya kukukabili amejitakia mwenyewe.

Nasi ndivyo tulivyokuwa. Tulikuwa na watu 8 mezani: kijana wetu, mwalimu kijana aliyetutembelea, binti wa jirani na mdogo wake wa kiume, mwana wa fundi cherehani, na wengine watatu. Tulikuwa tumepatana desturi iliyo ya kawaida katika nyumba nyingi zichezapo: baada ya mapambano, karata adimu zote hurudishwa katikati ya meza, kisha watu huzichagua moja moja, mshindi akianza na wengine wakifuata kwa kadiri ya alama zao. Desturi hii ina sababu njema. Kama kila mtu angeondoka na alichokichagua, wengine wangechagua karata kwa bei yake ya dukani wala si kwa kufaa kwake katika mchezo, na mchezo ungeharibika kabla ya kuanza. Lakini desturi hiyo huifanya nafasi ya pili kuwa kitu cha kugombewa. Siku ile palikuwa na karata mbili ambazo kila jicho lilizitazama. Moja ilikuwa ya mwalimu bila shaka, kwa kuwa ameshinda mapambano yote 3. Ile ya pili ingekwenda kwa nani?

Watatu walikuwa na alama 6: kijana wetu, binti wa jirani, na mwana wa fundi. Tulisimama, tukasema kwa sauti ya mtu ajuaye, kwamba sheria ya mashindano rasmi iko wazi. Tukachukua karatasi, tukapiga hesabu, tukatangaza kwamba kijana wetu ni wa pili, binti wa tatu, na mwana wa fundi wa nne. Hesabu ilikuwa sahihi. Binti hakujibu neno. Alizifunga karata zake kwa uzi, akamshika mdogo wake mkono, akaenda zake bila kuchagua karata hata moja.

Hesabu tuliyoipiga ni hii, nasi tunaieleza kwa sababu mwalimu aliyetuandikia ameiuliza kwa jina. Katika mashindano rasmi, wachezaji wakilingana alama, kipimo cha kwanza si matendo yao wenyewe, bali ni nguvu ya wale waliopambana nao. Kwa kila mpinzani huangaliwa amepata sehemu gani ya alama alizoweza kupata, kisha sehemu hizo hugawanywa kwa wastani. Mpinzani aliyeshindwa mno hahesabiwi chini ya theluthi moja, ili mtu asiadhibiwe kupita kiasi kwa kukutanishwa na dhaifu. Wakilingana hata hapo, huangaliwa sehemu ya michezo midogo ambayo kila mmoja ameshinda, ndipo aliyeshinda 2 kwa 0 humpita aliyeshinda 2 kwa 1. Wakilingana tena, huangaliwa michezo midogo ya wapinzani wao. Fikira ya kipimo cha kwanza ni nzuri: aliyepata alama 6 kwa kupambana na wenye nguvu amefanya kazi kubwa kuliko aliyezipata kwa kupambana na wanyonge. Wacheza sataranji wana kipimo kama hicho, kiitwacho kwa jina la Buchholz, tangu mwaka 1932.

Sasa tuone kilivyofanya kazi mezani petu. Kijana wetu alimshinda mwana wa fundi, akamshinda mgeni mmoja, akashindwa na mwalimu. Binti alimshinda mgeni mwingine, akashindwa na mwalimu, akamshinda yule mgeni wa kwanza. Angalieni vema: wote wawili walishindwa na mtu yule yule, na wote wawili walimshinda mtu yule yule. Tofauti yao ilikuwa ni mtu waliyekutana naye katika mzunguko wa kwanza tu. Yule wa kijana wetu, yaani mwana wa fundi, aliinuka baadaye akashinda mara 2. Yule wa binti alishinda mara 1 tu. Kwa hiyo wastani wa wapinzani wa kijana wetu ukawa 66.7 katika 100, wa binti 55.6, na wa mwana wa fundi 44.4.

Tena nani aliwapambanisha katika mzunguko wa kwanza? Tuliandika majina katika vipande vya karatasi, tukavitia katika kofia. Ilikuwa kura.

Liko na jambo jingine lililotuuma zaidi tulipoketi usiku na ile karatasi. Mwana wa fundi alipata ushindi wake wa mwisho dhidi ya mdogo wake binti. Mtoto yule alikuwa akicheza kwa haraka, kwa maana alikuwa amesikia harufu ya mandazi jikoni. Kama angetulia na kushinda, mwana wa fundi angebaki na ushindi 1, na wastani wa kijana wetu ungeshuka ukawa 55.6, sawasawa na wa binti, na sawasawa na wa mtoto mwenyewe, ambaye ndiye angekuwa wa tatu wao mwenye alama 6. Basi kijana wetu aliitwa wa pili kwa ajili ya pambano lililochezwa kwenye meza nyingine, ambalo yeye wala binti hakutia mkono wake. Tuliita jambo hilo kuwa sheria ya ustadi. Kwa kweli ilikuwa kura, iliyovikwa joho la hesabu.

Hatusemi kwamba kipimo hicho ni kibaya. Katika mashindano makubwa ya mizunguko mingi, mtu hukutana na wapinzani wengi, bahati ya huku hurekebishwa na bahati ya kule, na wastani huanza kusema kitu cha kweli. Tena pale hakuna njia nyingine. Huwezi kuwaambia watu mamia wangoje huku waliolingana wakicheza upya. Lakini katika mizunguko 3, na wapinzani 3, wastani hauna cha kusema. Ni kama kumpima mtoto maendeleo yake ya mwaka kwa maswali matatu ya ubaoni.

Siku ya pili tulikwenda kwa jirani. Baba yake binti alitupokea vizuri, akatupa kiti, akatuacha tueleze hesabu yetu yote tangu mwanzo hata mwisho. Kisha akasema, "Bwana, hesabu zenu siwezi kuzipinga. Ila mbona mlizikumbuka baada ya kuona nani atafaidika?" Tulitafuta jibu tusilipate. Hatukuwa tumefanya hila, nasi twaweza kuapa juu ya hilo. Tuliikumbuka sheria ile kwa sababu ndiyo tuliyoijua. Lakini mtu aliye upande wa pili wa meza ataonaje moyo wetu? Aliona tu kwamba mwenye nyumba alinyamaza mpaka matokeo yamejulikana, akatoa sheria, na sheria ikampa mwanawe.

Wapenzi wa mpira wanalijua jambo hili. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2015, Guinea na Mali zililingana katika kila kitu. Kila moja ilitoka sare ya 1 kwa 1 mara tatu, hata kati yao wenyewe. Ikapigwa kura mjini Malabo, Guinea ikaendelea, Mali ikarudi nyumbani. Na katika Kombe la Dunia la mwaka 2018, Senegal na Japani zilipata alama 4 kila moja, mabao 4 ya kufunga na 4 ya kufungwa, na zilikuwa zimetoka sare ya 2 kwa 2 zilipokutana. Senegal ilitolewa kwa kuwa wachezaji wake walionyeshwa kadi za manjano 6, na wa Japani 4. Watu waliumia, wakalalamika kwamba kanuni ni kali. Lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba kanuni imetungwa usiku ule kwa ajili ya fulani. Ilikuwa imeandikwa kabla mpira wa kwanza haujapigwa, hata Japani waliijua wakacheza dakika za mwisho kwa kurudishiana mpira nyuma, ingawa walikuwa wakifungwa bao 1 na Poland.

Basi, mwalimu, jibu letu la kwanza ni kwamba kabla ya kufungua pakiti ya kwanza, watangazie vijana namna ya kuwatenga watakaolingana, na uiandike ubaoni. Kanuni iliyo nyepesi lakini imetangazwa itawatuliza kuliko kanuni ya hekima iliyotolewa jioni.

Jibu la pili ni juu ya kanuni yenyewe. Ikiwa ni wawili tu waliolingana, na walikutana katika mapambano, aliyemshinda mwenzake atangulie. Hata mtoto mdogo huiona haki hiyo bila kuelezwa. Ikiwa hawakukutana na muda uko, wacheze mchezo mmoja tu, si pambano zima. Lakini wakiwa watatu, kama itakavyokuwa mara nyingi, njia hiyo huvunjika. Pengine mmoja amemshinda wa pili na wa tatu hakukutana na yeyote, kama ilivyokuwa kwetu, ambapo kijana wetu alikuwa amemshinda mwana wa fundi, na binti hakukutana na hata mmoja wao. Hapo twashauri kura iliyo wazi. Andika 1, 2 na 3 katika vikaratasi, kila mmoja avute chake. Kisha katika zamu ya pili ya kuchagua karata adimu, mpango wao ugeuzwe: aliyekuwa wa mwisho kati ya hao watatu awe wa kwanza wao, na katika zamu ya tatu ugeuzwe tena. Kura huamua jambo dogo, na lile dogo hurekebishwa papo hapo.

Wako wazazi wanaoliogopa neno kura, wakidhani ni kamari. Mcheza kamari huweka chake ili apate cha mwenziwe. Hapa watu wenye haki sawa huulizana nani atangulie mlangoni. Hata Mathiya aliwekwa katika mahali pa Yuda kwa kura, wala hakuna aliyesema kwamba amecheza kamari. Mzazi ambaye bado moyo wake hautulii na aache desturi ya kurudisha karata mezani, kila mtoto aende na alizozichagua. Atapoteza kidogo katika mchezo, lakini nafasi ya pili itabaki kuwa jina tu.

Lakini tahadharini na jambo moja ambalo vijana hulichanganya na hilo. Kupigia kura zamu ya kuchagua ni jambo moja. Kulipigia kura pambano lenyewe ni jambo jingine. Pengine wawili huchoka, au muda umekwisha, wakasema, "Turushe sarafu, atakayepata ndiye mshindi." Katika mashindano rasmi jambo hilo limekatazwa, na wafanyao hivyo huadhibiwa. Kugawana tuzo kunaruhusiwa, maadamu hakukutumika kununua matokeo. Twaona kuwa katazo hilo lafaa hata nyumbani, kwa sababu matokeo ya pambano moja huwagusa wasiokuwapo mezani. Tumeona jinsi haraka ya mtoto mmoja ilivyobadili nafasi ya dada yake. Muda ukiisha, fanyeni kama wafanyavyo rasmi: baada ya dakika 50 huhesabiwa zamu 5 za nyongeza, na kama bado hakuna aliyezidi, ni sare, kila mmoja na alama yake 1.

Mwalimu ameuliza tena habari za darasa lake lenye vijana 7, ambapo kila mzunguko mmoja hukosa mwenzi. Huyo huhesabiwa ameshinda 2 kwa 0, akapewa alama 3. Kwa hesabu rasmi, nafasi hiyo tupu haiingizwi kati ya wapinzani wake, hivyo wastani wake hutoka kwa watu wawili tu, na sasa mnajua wastani wa namna hiyo una thamani gani. Sisi katika nyumba yetu humwambia aliyepumzika kwamba akilingana na wengine, atafuata nyuma yao, kwa kuwa wao wamefanya kazi mara 3 na yeye mara 2. Hutangazwa mapema, na mpaka leo hakuna aliyelalamika.

Kijana wetu alitaka kumpelekea binti ile karata. Tulimruhusu, akaenda, akarudi nayo. Binti alisema hakuitaka karata, alitaka zamu. Ilipita Jumamosi moja meza ikiwa na watu 6. Jumamosi iliyofuata walikuja yeye na mdogo wake, wakakuta kanuni imebandikwa ukutani juu ya meza, akaisoma yote akiwa amesimama, akauliza maana ya neno moja, ndipo akaketi. Jioni ile walilingana watatu tena, naye akiwa mmojawapo. Alivuta kikaratasi, kikawa namba 3. Alikionyesha mezani, akangoja wenziwe wachague, na zamu ya pili ilipofika aliitangulia mikono yao yote, akachukua karata ambayo hatukujua kama alikuwa akiitazama tangu mwanzo. Mdogo wake hakuwapo kuona. Alikuwa jikoni.